Walimu na wafanyakazi wasio walimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kabla sijashika chaki nilikaa mwaka mmoja na nusu kwenye meza ya karani wa shule, nikichapa mitihani ya walimu ambao wengi wao hawakujua jina langu. Baadaye nikawa mwalimu, na haikuchukua muda nikajikuta nafanya yale yale niliyokuwa nikiyalalamikia. Kwa hiyo majibu haya yanatoka pande zote mbili za dirisha la ofisi. Hayalingani urefu. Jibu la mstari mmoja nimeliacha mstari mmoja.

Tukisema "wafanyakazi wasio walimu" tunamaanisha akina nani?

Karani, mhasibu, mtunza stoo, mkutubi, mtaalamu wa maabara, muuguzi, matroni na patroni wa mabweni, mpishi, dereva, mlinzi, mtunza bustani, mhudumu wa usafi, fundi, na msaidizi wa darasani anayekaa na mtoto mwenye mahitaji maalumu. Kuna shule zenye hao wote, na kuna shule ambako mtu mmoja ndiye karani, mhasibu, mtunza stoo na mpiga kengele.

Jina lenyewe lina walakini. Kumtaja mtu kwa kile asichokuwa ni ajabu. Sijasikia rubani akiitwa "asiye mhandisi". Ila ndilo lililomo kwenye nyaraka na vinywani mwa watu, sitalipigania hapa. Unapoweza kutaja kazi ya mtu, itaje: mkutubi wetu, dereva wetu.

Mimi kazi yangu ni kufundisha. Uhusiano na mlinzi au karani unanihusu nini?

Hesabu siku moja tu. Geti lilifunguliwa na nani? Darasa lilifagiliwa na nani kabla hujaingia? Karatasi ulizogawa zilitoka wapi? Mtoto aliyeanguka akaumia wakati wa mapumziko ulimwacha kwa nani ukarudi kwenye somo? Ukigombana na watu hao wanne, kipindi chako kinaanza kupungua dakika tano huku, kumi kule, wala hutajua zimepotelea wapi.

Heshima inaanzia wapi? Salamu?

Salamu ni lazima, lakini haitoshi. Nimefanya kazi na watu wachangamfu kweli, wanaosalimu kila mtu kuanzia getini, ambao ndio waliokuwa wakitutesa kuliko wote. Kwa maoni yangu heshima kazini inaanzia kwenye taarifa. Umemwambia mwenzako mapema kiasi cha kumwezesha kuifanya kazi yake vizuri, au umemwachia ajue wa mwisho?

Niliyaona haya nikiwa karani. Mtihani unaanza saa nane mchana. Saa saba na dakika arobaini mwalimu anaingia na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono, maandishi yamefutwafutwa, swali la 7 lina mshale unaoelekeza nyuma ya ukurasa. "Haraka, watoto wananisubiri." Wanafunzi ni zaidi ya mia. Mashine ya kudurufu ina joto tangu asubuhi, na ikipata joto hiyo hukwamisha karatasi kila baada ya nakala ishirini. Nachapa, nadurufu, nabana pini. Saa nane na robo anarudi na nakala moja mkononi, amezungushia wino mwekundu neno nililokosea, na anasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mhasibu: "Hivi wewe ulisoma wapi?"

Mwalimu yule alikuwa akinisalimu vizuri kila siku. Asingekuwa na haja ya kunidhalilisha kama karatasi zile zingenifikia juzi yake.

Basi kila shule iwe na muda uliokubaliwa: mtihani unafika kwa karani siku tatu kabla, ombi la vifaa vya maabara siku mbili kabla, safari inamfikia dereva wiki moja kabla. Namba mtapanga wenyewe. Muhimu zibandikwe ukutani, na mwalimu mkuu naye azifuate. Akizivunja yeye mara mbili mfululizo, hazipo tena.

Nimwiteje?

Kwa jina lake na kwa heshima ile ile unayotaka uitwe wewe. Shule nyingi zina ugonjwa huu: kila mwalimu ni "Mwalimu Fulani", lakini wengine ni "wewe", "kijana", "yule wa usafi". Wanafunzi husikia, na kesho yake nao wanaita hivyo hivyo.

Umri nao hauondolewi na cheo. Mwalimu wa miaka ishirini na tano akimkuta mlinzi anayemzidi baba yake, anayepaswa kuamkia anajulikana. Nimeona walimu vijana wakisubiri waamkiwe wao kwa kuwa wana shahada. Mlinzi atakuitikia, ndiyo. Atakalosema ukishapita ni habari nyingine.

Ukiwa mgeni shuleni, omba orodha ya majina ya wafanyakazi wote wiki ya kwanza. Kama ofisi haina orodha hiyo, umeshajifunza jambo moja kuhusu shule uliyofika.

Je, mwalimu ni bosi wa wafanyakazi hawa?

Kwa kawaida, hapana. Kila mfanyakazi ana msimamizi wake: mkuu wa shule, mhasibu mkuu, mkuu wa idara, matroni mkuu, au kampuni iliyopewa zabuni ya ulinzi na usafi. Unachoweza wewe ni kuomba huduma iliyo ndani ya majukumu yake. Kumpangia zamu, kumpa onyo au kumtishia kazi si juu yako.

Tatizo huja mfanyakazi mmoja anapopokea maagizo kutoka kwa walimu kumi na wawili, kila mmoja akidai lake ndilo la kwanza. Hapo si suala la adabu tena, ni utaratibu mbovu. Mpeni mtu mmoja kazi ya kupanga kipi kinatangulia, na mhudumu awe na ruhusa ya kujibu, "Nina kazi ya fulani mpaka saa tano, yako naianza baada ya hapo," bila kuonekana jeuri.

Naweza kumtuma mhudumu shughuli zangu binafsi?

Hapana. "Lakini huwa nampa chochote." Bado hapana, maana hana nafasi ya kukukatalia.

Mtaalamu wa maabara alinikatalia mbele ya wanafunzi. Si ni kunivunjia heshima?

Inategemea alikatalia nini. Nitoe mfano. Mwalimu mpya wa kemia anataka asidi ya salfuriki ipunguzwe ukali pale pale, ili wanafunzi waone. Anachukua kopo la asidi iliyokolea na kuanza kumiminia maji. Mtaalamu anamshika mkono: "Hapana, mwalimu." Darasa linacheka. Mwalimu ananuna wiki nzima.

Aliyekuwa sahihi ni mtaalamu, na alitakiwa kusema pale pale. Asidi ya salfuriki iliyokolea ni nzito kuliko maji. Ukimiminia maji juu yake, hubaki juu, hupata joto kali ghafla, huchemka na kurusha matone ya asidi usoni mwa aliye karibu. Ndiyo maana asidi hutiwa kwenye maji, polepole, huku ukikoroga. Mwalimu yule alilisoma hilo chuoni. Mtaalamu hulifanya kila muhula, tofauti yao iko hapo.

Kwenye usalama, anayejua ndiye mwenye neno la mwisho, awe na shahada au asiwe nayo. Muuguzi akisema mtoto hachezi leo, hachezi. Dereva akisema gari halitoki na breki hii, halitoki. Na mlinzi akidai mgeni wako asaini kitabu, usimpigie simu kumwambia, "Huyo wangu, mpitishe." Siku atakayempitisha asiye wako, utakuwa umemfundisha wewe.

Kwa mambo yasiyo ya hatari, mtaalamu naye asubiri kipindi kiishe ndipo aseme.

Nina msaidizi darasani anayekaa na mwanafunzi mwenye ulemavu. Tufanyeje kazi pamoja?

Hili nitalikalia kidogo, kwa kuwa ndilo linaloharibika zaidi na watu hawaoni.

Nchini Uingereza, kati ya 2003 na 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha London wakiongozwa na Peter Blatchford walifuatilia kazi ya wafanyakazi wasaidizi mashuleni. Walikuta jambo lililowashangaza wengi: wanafunzi waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kimasomo kuliko wenzao wanaofanana nao waliopata msaada kidogo. Ni rahisi kukimbilia kusema wasaidizi hawafai. Watafiti hawakusema hivyo. Walionyesha namna wasaidizi walivyotumiwa: mtoto mwenye shida kubwa zaidi aliachiwa msaidizi moja kwa moja, mwalimu akabaki na wengine, msaidizi aliingia darasani hajui somo ni nini, muda wa yeye na mwalimu kuzungumza haukuwepo, basi akajitahidi kazi ya mtoto iishe, ieleweke isieleweke.

Picha hiyo unaijua. Msaidizi amekaa kiti cha pembeni, anasikiliza maelezo pamoja na watoto, kwa mara ya kwanza, halafu anatakiwa ageuke ayaeleze. Dakika kumi kabla ya kengele anaanza kumwandikia mtoto majibu, kwa sababu daftari tupu litamletea yeye lawama.

Kinachosaidia si kikubwa. Kipande cha karatasi asubuhi: leo tunajifunza hiki, maneno mapya ni haya matatu, mtoto ajaribu peke yake mpaka hapa, wewe ingilia hapa. Mwisho wa kipindi yeye akuandikie mstari mmoja nyuma yake: amekwama wapi. Kisha, angalau mara kadhaa kwa wiki, badilishaneni. Wewe kaa na yule mtoto, msaidizi azungukie darasa. Mtoto yule ni mwanafunzi wako, hujamkabidhi kwa mtu.

Na tafadhali, msaidizi awe na meza. Sijui kwa nini hili hulazimika kusemwa.

Wanafunzi wangu wanamdharau mhudumu wa usafi. Nianze na nini?

Na wewe mwenyewe. Ukimaliza kipindi, ubao umefutwa? Karatasi ulizogawa ziko sakafuni? Watoto hawakujifunza dharau hii kwenye kitabu.

Halafu kuna mambo ya mikono. Chupa ikivunjika darasani, vioo vifungwe kwenye gazeti nene au viwekwe kwenye boksi lililoandikwa VIOO kwa herufi kubwa, visitupwe ndani ya mfuko wa taka. Mhudumu anapokamua mfuko kwa mikono ili aufunge, hajui kilichomo. Niliwahi kumwona mama mmoja amefunga kidole kwa kitambaa kilicholowa damu, anaendelea kupiga deki, na darasani kwangu ndiko kioo kile kilikotoka. Sikuwa nimefikiria kabisa. Tangu siku hiyo boksi hukaa nyuma ya mlango, na kiranja wa darasa analijua.

Adhabu ya kumfagilisha mwanafunzi mtukutu uwanja mimi siipendi. Inawafundisha watoto wote kwamba kazi anayoishi nayo mtu mzima yule ni adhabu.

Mfanyakazi amekosea kweli. Namwambiaje?

Mvute pembeni, siku hiyo hiyo, taja kosa moja lililotokea, si tabia yake yote. "Leo maabara ilifunguliwa saa mbili na nusu, tukapoteza nusu ya kipindi. Nini kilitokea?" Sema hivyo, kisha subiri jibu. Mara nyingi utasikia jambo ambalo hukulijua: funguo zilikuwa kwa mtu mwingine, au aliambiwa na mkuu aende kwanza benki. Kosa likijirudia, mpelekee msimamizi wake kwa maandishi mafupi, na mwenyewe ajue umepeleka. Kumshtaki mtu kimyakimya ndiko kunakogawa shule makundi mawili.

Kundi la WhatsApp la shule si mahali pa kumkaripia mtu. Wala saa nne usiku si saa ya kumwagiza kitu, hata ukiongeza "samahani kwa usumbufu".

Vipi karani au mhasibu anayewanyanyasa walimu?

Yupo. Kuna karani anayefanya fomu zako zikae wiki mbili kwa kuwa hukumchangamkia, na mhasibu anayekurudisha mara nne kwa risiti moja. Kuonewa na wengine hakumpi mtu ruhusa ya kuonea.

Ombi lako liwe kwenye karatasi lenye tarehe, ubaki na nakala. Uliza jambo moja lililo wazi: "Nirudi lini?" Siku ikifika, rudi. Ikishindikana mara ya pili, nenda kwa mkuu na ile nakala, bila kelele. Hata hivyo chunguza kwanza kama tatizo ni mtu au ni meza moja inayohudumia shule nzima. Nilipokuwa karani nilisifika kwa ukali. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka.

Matroni au mpishi anaweza kujua siri ya mwanafunzi kuliko mimi. Ni sawa?

Ni sawa, na ni kawaida. Mtoto asiyefungua mdomo darasani humwambia matroni usiku. Mpishi ndiye wa kwanza kuona nani ameacha kula. Mhudumu wa usafi ndiye anayemkuta mtoto analia chooni saa nne asubuhi wakati ninyi wote mko vipindini. Watu hawa wakionekana hawana la kusema, shule inakuwa imejiziba masikio.

Kwa hiyo kila mfanyakazi, hata wa kibarua, ajue kwa jina ni nani anayepokea taarifa za usalama wa watoto, na ajue kwamba kazi yake ni kufikisha, si kuchunguza. Asimwahidi mtoto kwamba hatamwambia mtu yeyote. Mwalimu aliyeletewa taarifa naye asiirudishe kwenye chumba cha walimu kama hadithi. Ikivuja mara moja, hataletewa ya pili. Na umrudishie jibu aliyeileta, hata likiwa fupi: "Imepokewa, inashughulikiwa, asante kwa kuiona." Hahitaji kujua yaliyomo kwenye faili.

Utani unageuka unyanyasaji lini?

Mwenzako akiwa hawezi kukutania vile vile bila kuogopa, huo si utani. Maneno kuhusu mwili wake, kabila lake, elimu yake, ndoa yake, yaache. Na kumgusa usimguse.

Kwa upande wa sheria, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2019 Mkataba namba 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, ulioanza kutumika tarehe 25 Juni 2021. Unamlinda mtu bila kujali aina ya mkataba wake wa ajira, hata mwanagenzi na anayejitolea, na unagusa pia mawasiliano ya kazi ya simu na mtandao. Unabana nchi zilizouridhia, lakini hata pasipo na saini yoyote, unafaa kusomwa na anayedhani kibarua hana wa kumsemea.

Wafanyakazi waingie kwenye vikao vya walimu?

Si vyote. Kikao cha kupanga silabasi mpishi atakaa akisinzia, na ana haki. Lakini mkipanga ratiba mpya, siku ya wazazi, safari au mtihani wa mwisho, wawepo wanaohusika, tena wawe mwanzoni mwa ajenda ili wasipoteze asubuhi. Waswahili walishasema asiyekuwapo na lake halipo. Shule moja niliyofundisha ilitanguliza mapumziko kwa nusu saa bila kumuuliza mpishi. Siku ya kwanza wanafunzi walisimama foleni mbele ya masufuria ambayo hayajachemka.

Tuwashukuru vipi? Zawadi za mwisho wa mwaka zinatosha?

Ni nzuri, zisikomeshwe. Walimu wana siku yao duniani, tarehe 5 Oktoba. Wafanyakazi wasaidizi wa elimu nao wana yao, tarehe 16 Mei, iliyoanzishwa mwaka 2018 na Education International, shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi wa elimu. Shule nyingi huadhimisha ya kwanza kwa shangwe na ya pili hazijaisikia.

Mimi naona shukrani inayokaa moyoni ni ile inayotaja kitu. "Asante kwa kazi nzuri" haimshiki mtu. "Ile chati uliyoitundika kwa urefu wa watoto wadogo, leo wameisoma wenyewe" inamshika. Iseme akisikia bosi wake.

Nilimfokea mfanyakazi bila haki. Sasa nifanyeje?

Omba radhi mahali ulipomkosea. Wengi hushauri mkutane faragha, mimi sikubali. Kama watu thelathini walisikia tusi, radhi ya chumbani inakuponya wewe tu.

Niliwahi kumlaumu mhudumu wa usafi, mama wa makamo, mbele ya darasa, kwamba ametupa madaftari yangu ya kusahihisha. Jioni niliyakuta ndani ya mfuko wangu mwenyewe, nyumbani. Sikulala vizuri. Asubuhi nilimsubiri mlangoni mpaka wanafunzi wakaingia wote, nikasema: "Mama, jana nilikusingizia. Madaftari nilikuwa nayo mimi. Naomba unisamehe." Sikueleza nilivyokuwa nimechoka, wala sikutaja wingi wa kazi.

Alisimama na ndoo yake, akanitazama. Darasa lilikuwa kimya.

"Yameisha, mwalimu," akasema. "Lakini jioni uwe unafunga lile dirisha la mwisho. Mvua inaingia, nami ndiye ninayekausha."

Nimelifunga kila jioni.